Simbilisi, mapera na dada wa Njombe

Najua kimya kimezidi. Mitihani ya muhula, kazi za vikundi ambazo kikundi kina watu saba na wanaofanya ni wawili (mnajijua!), boom lililochelewa... hayo yote nayaacha. Leo nataka kujibu swali moja ambalo kila anayepita getoni kwangu hapa Malimbe ananiuliza akisikia zile kelele kutoka chini ya dirisha: "Hivi hao wadudu wako wanakula nini, na vitu vyao unanunulia wapi?"

Kwanza, si wadudu. Si panya pia. Na jamani, si pimbi! Pimbi wa kweli tunao hapa Mwanza, tena wa kutosha. Panda mawe makubwa ya jiji hili, au vuka kwenda kisiwa cha Saanane (ile hifadhi ya taifa iliyotangazwa 2013, pale karibu na Capri Point), utawakuta wamejianika juani kama wamelipa kiingilio. Wale ni wanyama wa porini, na wataalamu wanasema ndugu zao wa karibu ni tembo. Usinicheke mimi, wacheke wataalamu. Hawa wangu wanaitwa simbilisi. Asili yao ni milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, ambako watu wamewafuga kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama. Wahispania wakawapeleka Ulaya, na huko watoto wa kizungu wakawafanya marafiki. Waingereza wanawaita nguruwe wa Guinea, wakati hawatoki Guinea na wala si nguruwe. Basi tuelewane: simbilisi.

Niliwarithi. Kuna kaka mmoja alimaliza mwaka jana, akawa anagawa vitu vya geto: jiko la gesi, godoro, kapeti, na boksi moja lenye simbilisi wawili majike. Yeye aliletewa na mjomba wake dereva wa lori wa njia ya Mbeya. Jiko likachukuliwa dakika ileile. Boksi likabaki. Nikalichukua mimi, na majina nikawapa ya ziwa letu: mwenye rangi ya kahawia ni Sangara, mweupe mwenye mabaka ni Sato. Miezi miwili baadaye Sato akazaa wawili, kumbe alikuja na mzigo. Mimba ya simbilisi ni kama miezi miwili na kidogo, na watoto wanazaliwa wamefungua macho, wana manyoya na meno, na siku chache tu wanatafuna majani. Hao nikawaita Furu na Ngege. Furu jike, Ngege dume. Habari ya Ngege nitaifikia.

Jioni ya kwanza nikaingia intaneti kusoma namna ya kuwatunza. Wadau, nilicheka peke yangu. Orodha inasema: nunua majani makavu ya timothi, chakula cha punje maalum chenye vitamini C, kizimba cha aina fulani, chupa ya maji ya kuning'iniza, matandiko ya karatasi, na nyumba ya kujificha. Kesho yake nikazunguka maduka ya pembejeo na dawa za mifugo mjini, nikashuka mpaka Kirumba, nikarudi kwa Buhongwa. Kuku wana kila kitu. Ng'ombe wana kila kitu. Sungura kwa kubahatisha. Simbilisi? Muuzaji mmoja aliniangalia akasema, "Dada'angu, hebu nielezee tena huyo mnyama." Mwingine alinipa chakula cha kuku akasema wote si ni mifugo. Sasa chakula cha kuku huku kwetu kina dagaa ndani, si mnajua Mwanza yetu. Simbilisi ni mla majani moja kwa moja, dagaa za nini?

Nikarudi geto nimechoka. Hapo ndipo rumeti wangu akafungua mdomo. Yeye ni Mbena wa Njombe, tumekaa pamoja tangu mwaka wa kwanza, na amenizidi mwaka mmoja kwa hiyo ananiita mdogo wangu hata akiwa ananikopa. Alikuwa amekaa kitandani anasuka, akaniangalia akasema: "Mdogo wangu, umetembea Mwanza nzima kutafuta majani?"

Kumbe kwao ni wa kawaida kabisa. Nyanda za juu kusini, Njombe, Iringa, Mbeya, simbilisi wanafugwa jikoni. Wanakaa pembeni ya moto kwa sababu kule kuna baridi, wanatupiwa majani na maganda ya mahindi, na akija mgeni... supu. Baadaye nimesoma kwamba hata Kivu ya Kusini kule Kongo familia nyingi zinawafuga hivyohivyo, maana hawahitaji eneo, wanazaana haraka, na watu wakilazimika kukimbia wanabebeka. Kumbe kitaalu cha elimu yangu kilikuwa kitanda cha pili chumba hichohicho.

Kuanzia hapo tukaanza kupanga. Na mimi kama mwalimu mtarajiwa nikakumbuka lile neno wanalotuimbia kila kipindi cha mbinu za kufundishia: kufaragua. Usiseme shule haina zana, angalia mazingira yako. Sasa ile orodha ya intaneti nikaisoma upya, na kila kitu nikakiuliza: wewe unafanya kazi gani?

Majani ya timothi kazi yake ni mbili. Meno ya simbilisi hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune kitu kikavu chenye nyuzinyuzi ayasage. Na tumbo lake linataka chakula kipite muda wote, akikaa bila kula siku nzima hiyo ni hatari. Kazi hiyo inafanywa na ukoka. Upo kila mahali hapa Malimbe. Tunakata asubuhi umande ukishakauka, mwingine wanakula mbichi, mwingine tunauanika juu ya turubai siku mbili tatu, tunaweka kwenye gunia kwa ajili ya kiangazi. Matete wanapenda pia, na maganda ya mahindi mabichi ndiyo pilau yao. Tukichoma mahindi, maganda hayatupwi.

Ila tunachagua pa kukata. Pembeni ya barabara ya Shinyanga hapana, vumbi na moshi. Penye shamba lililopuliziwa dawa hapana. Na ziwani... hapa nisikilizeni vizuri, maana wengine mnapenda kujionyesha. Majani mazuri kuliko yote wakati wa kiangazi yako ufukweni, kijani wakati kwingine kote ni kahawia. Lakini kichocho kipo kwenye maji ya pembezoni ya ziwa hili, kinaishi ndani ya konokono wadogo, na kinaingia kwenye ngozi ukiwa umesimama tu majini. Kwa hiyo tunakata yale ya nchi kavu, hatuingii hata mguu mmoja. Na yaliyotoka sehemu yenye unyevunyevu tunayaanika kwanza, kwa sababu minyoo ya maini inayosumbua ng'ombe hujibandika kwenye majani ya namna hiyo. Rumeti anasema kwao Njombe hayo hakuyajua, kwao hakuna ziwa. Hapo nilimpata kidogo, teh teh.

Matandiko kazi yake ni kunyonya mkojo na kulinda miguu. Tunachukua maranda kwa fundi seremala, bure ukimsalimia vizuri. Mengi ni ya mbao za paina zenye harufu kali, na harufu ile si nzuri kwa mapafu yao, kwa hiyo tunayaanika juani siku kadhaa na kuyapepeta vumbi. Pumba za mpunga zimejaa usukumani, ila zina vumbi na zina ncha zinazochoma macho. Tulijaribu siku mbili tukaacha.

Kizimba alitupigia fundi wa mtaani kwa mbao za matenga ya nyanya na wavu wa kuku. Urefu mita moja na nusu, upana nusu mita, sakafu ya mbao. Wavu ni wa kuta na juu tu, ukiuweka chini unawaumiza nyayo. Juu lazima kufunike kwa sababu paka wa hapa hawana adabu, na kenge wanapanda kutoka ziwani mpaka uani. Nyumba ya kujificha ni mtungi uliovunjika wa mama mwenye nyumba, nilimsalimia "Mwangaluka mayu" kwa heshima zote nikaupata. Mtungi ule una faida nyingine: udongo unabaki baridi. Simbilisi anavumilia baridi kidogo kuliko joto. Ikipita nyuzi 30 anaanza kulala kifudifudi anahema, na anaweza kufa. Chumba chetu ni bati bila dari, saa nane mchana mnaijua wenyewe. Kwa hiyo mchana kizimba kinakaa chini ya mpera wa uani, na siku za joto sana naweka chupa ya maji yaliyogandishwa nimeizungushia kitenge cha zamani. Wote wanne wanaiegemea kama abiria wa daladala.

Sasa vitamini C. Hapa ndipo penye kisa.

Sato alipofika kwangu alikuwa hatembei sawasawa. Anaburuta mguu wa nyuma, goti limevimba, manyoya yamesimama, ukimgusa anapiga kelele. Yule kaka kwa sababu ya pilikapilika za kumaliza chuo alikuwa anawapa pumba na ugali uliobaki, mwezi mzima. Nikambeba kwenye kikapu mpaka duka moja la dawa za mifugo. Jamaa wa pale, mkarimu tu, akamwangalia kidogo, akavuta penisilini kwenye sindano. "Hii inatibu kila kitu, dada'angu. Elfu mbili tu."

Usiku wa kabla yake nilikuwa nimesoma kwamba penisilini na ndugu zake kama amoksisilini ni sumu kwa simbilisi. Dawa yenyewe haimuui. Inachofanya ni kuua bakteria wazuri wa tumboni wanaomsaidia kusaga majani, wabaya wanachukua nafasi, na mnyama anakufa kwa kuharisha ndani ya siku chache. Nikasema, "Kaka, naomba usimchome kwanza." Akashangaa. Mkono wake ulikuwa hewani na sindano, na mimi nimemshika Sato kifuani, nasikia moyo wake unavyokwenda mbio. Watu wawili waliokuwa wanasubiri dawa ya minyoo ya mbuzi wakaniangalia kama mwendawazimu. Mimi ni nani, mwanafunzi wa ualimu, wa kumfundisha mwenye duka? Lakini nilishikilia hapohapo. Nikatoka na kikapu changu.

Nikampigia simu bwana mifugo mmoja ambaye rumeti alipata namba yake. Alikuwa mkweli, na ukweli wake nauheshimu mpaka leo. Akasema, "Mwanangu, sijawahi kutibu huyo. Lakini kama alikuwa anakula pumba tu, mpe majani mabichi na matunda, uone."

Huo ugonjwa una jina la Kiswahili: kiseyeye. Ndiyo, kilekile kilichoua mabaharia wa zamani kwa kukosa matunda na mboga miezi mingi baharini. Wanyama wengi wanatengeneza vitamini C wenyewe mwilini. Ng'ombe, mbuzi, mbwa, panya, hawana shida. Simbilisi hawezi. Na mimi na wewe hatuwezi. Tena hivyo ndivyo wanasayansi walivyopata pa kuanzia: mwaka 1907 kule Kristiania, mji unaoitwa Oslo leo, Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakaugua kiseyeye, wakiwapa mboga mbichi wanapona. Kumbe yule kaka na pumba zake alirudia jaribio la Wanorwei bila kujua.

Simbilisi mzima anahitaji kama miligramu 10 mpaka 30 kwa siku. Pera bichi la kuiva (lile jekundu au jeupe ndani, yoyote) lina zaidi ya miligramu 200 kwa kila gramu 100. Piga hesabu: kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha. Kile chakula maalum cha punje ambacho nilikitafuta mpaka visigino vikauma, kazi yake kubwa kwenye orodha ilikuwa hiyo, na juu ya kizimba changu kuna mpera! Pilipili hoho nayo ni nzuri, chungwa pia kidogo, na machungwa ya Ukerewe yanaingia mjini. Kwa Sato kwa kuwa alikuwa mgonjwa niliongeza kidonge cha vitamini C cha duka la dawa, cha miligramu 200, nakata vipande vinne, kipande kimoja nasaga na tone la maji namnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, taratibu. Usiweke kwenye maji ya kunywa, mwanga unaiharibu ndani ya saa chache na huwezi kujua amekunywa kiasi gani.

Siku ya nne akaacha kulia nikimshika. Siku ya kumi akaruka. Yaani wakifurahi wanaruka juu kama bisi kwenye sufuria, miguu yote minne hewani. Rumeti ndiye aliyemwona kwanza, akaniita nikatoka bafuni na povu.

Sasa nisiwadanganye kwamba geto letu ni amani tupu. Ngege alipofikisha wiki tatu ilibidi atengwe, kwa sababu dume anakomaa mapema na angeweza kumpanda mama yake na dada zake. Akawekwa boksi la pembeni. Rumeti akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongelea nyanya, kwamba kwao dume la ziada linajulikana linapokwenda. Nikakasirika. Nikamwambia una moyo gani wewe. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia kwamba alipokuwa darasa la tano daftari zake na sare zilitoka kwa simbilisi. Mama yake aliuza kumi na moja. Na siku ambazo hakukuwa na kitoweo, kitoweo kilikuwa hao. "Wewe unampenda kwa jina lake," akasema, "mimi nawapenda kwa sababu nilisoma."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Anayekata ukoka saa kumi na mbili asubuhi ni yeye zaidi yangu, anayejua kwa kuangalia kinyesi kwamba Sangara hajala vizuri ni yeye. Juzi nilimuuliza, hivi Ngege utamla kweli? Akasema, "Mwaka huu simli. Mwakani sijui." Ndiyo hukumu ilipofikia, wadau. Ngege mwenyewe hana habari, anawaimbia dada zake kupitia wavu.

Na hapa ndipo penye mtihani wa sasa. Wiki tatu zijazo tunaenda mazoezi ya kufundisha. Mimi nimepangiwa Ukerewe, meli mpaka Nansio. Yeye Geita. Simbilisi wanabaki na mtoto wa mwisho wa mama mwenye nyumba, darasa la tano, kijana makini sana. Nikakaa nimwandikie ukurasa mmoja. Jamani! Nimeandika maandalio ya somo mangapi chuoni, yenye malengo mahususi na hatua tano za somo? Hakuna lililonitoa jasho kama lile. Maana nikikosea maandalio ya darasani nanyimwa maksi. Nikikosea hili, mtu wangu anakufa niko Nansio.

Nikaandika hivi:

Majani ya ukoka muda wote, yasiishe hata usiku.
Maji safi asubuhi na jioni, osha bakuli.
Kipande cha pera kama kidole gumba, kila mmoja, kila siku.
Usiwape kisamvu, majani ya nyanya, majani ya viazi mviringo, majani ya parachichi, maharage, vitunguu, wala ugali.
Mchana chini ya mpera, usiku ndani.
Ngege asichanganywe na wenzake.
Asiyekula siku nzima, nipigie simu. Usisubiri kesho.
Mtu yeyote akitaka kumchoma sindano, mwambie anipigie kwanza.

Nikampa asome mbele yangu. Akasoma taratibu, akarudi mstari wa tatu, akauliza: "Dada, na mapera yakiisha mtini?"

Wadau, hilo ndilo swali. Nikachukua kalamu nikaongeza hoho, na chungwa, na duka la dawa lililo karibu, na elfu tano ya akiba kwenye bahasha. Halafu nikamuuliza kwa nini anadhani pera ni muhimu hivyo. Akaniambia, "Kwa sababu hawawezi kuitengeneza wenyewe, kama sisi." Nilikuwa nimemweleza mara moja tu, wiki iliyopita, huku tunafagia maranda.

Basi, kama kuna mdau anabaki Malimbe likizo hii na anaweza kupita Jumamosi moja moja kumjulia hali huyo kijana, anitafute kabla sijapanda meli. Nauli ya bodaboda nitatoa, na mapera utakula bure. Anayetaka kula kingine aongee na rumeti wangu, mimi simo!

Nawasilisha. Tuonane Nansio.